Nyumba Iliyoponea Reli: Turathi za Afrika Ukingoni mwa Athi River

Athi River, mji wa kaunti ya Machakos ulio kusini-mashariki mwa Nairobi, unajulikana kwa saruji, nyama na nguo za kuuzwa ng'ambo kuliko kwa sanaa. Kiwanda cha nyama cha KMC kimekuwapo hapo tangu mwanzo wa miaka ya 1950, viwanda vya saruji vikafuata, na tangu mwaka 1990, ilipopitishwa sheria ya EPZ ya kutenga maeneo ambamo viwanda hutengeneza bidhaa za kuuzwa nje kwa nafuu ya kodi, washonaji kwa maelfu wamekuwa wakishuka kwenye matatu alfajiri na kuingia katika majengo yenye mapaa ya mabati. Anayetafuta makumbusho ya tamaduni za Kiafrika hangefikiria kuanzia hapa. Hata hivyo, upande wa Mlolongo, ambako barabara ya haraka ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022 huanza safari yake ya kuelekea Westlands, pana nyumba yenye rangi ya udongo ambayo imeipa mgongo Barabara ya Mombasa na kuielekezea uso Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Hiyo ndiyo African Heritage House, makao na makumbusho ya binafsi yaliyojengwa na Alan Donovan, Mmarekani aliyeishi Kenya zaidi ya nusu karne hadi alipofariki Desemba 2021, na ndani yake mna mkusanyo wa vinyago, vitambaa, mapambo na vyombo vya nyumbani kutoka pande nyingi za bara la Afrika.

Sura ya nje ya nyumba imechukuliwa zaidi kutoka Afrika Magharibi, hasa kutoka majengo ya Djenné nchini Mali, ambayo hujengwa kwa matofali mabichi, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua bila kuchomwa katika tanuri, ingawa ndani na nje pia unaonekana mkono wa ujenzi wa Waswahili wa Pwani. Msikiti Mkuu wa Djenné, ambao jengo lake la sasa lilisimamishwa mwaka 1907 mahali palipokuwa na msikiti wa kale zaidi, una vigingi vya mti wa mvumo vilivyotokeza ukutani kwa safu, na mtazamaji asiyejua huvichukulia kuwa pambo tupu, ilhali ndivyo ngazi wanayoikanyaga mafundi kila mwaka, wakati watu wa mji wanapokusanyika kupaka tope jipya baada ya mvua kuosha la zamani. Athi River haina mji unaokusanyika kupaka tope, kwa hiyo mtindo huo umefika huku ukiwa sura iliyoachana na kazi yake. Si utovu wa adabu kulitaja jambo hili mbele ya nyumba nzuri kama hii, kwa sababu ndilo swali linaloikabili kila nyumba ya sanaa ya jadi duniani: kitu kikishaondolewa katika kazi iliyokizaa, hubaki na nini?

Makumbusho mengi hujibu swali hilo kwa kioo na kibandiko. Kitu huwekwa ndani ya sanduku lenye taa, chini yake huandikwa jina la jamii iliyokitengeneza na matumizi yake kwa ufupi, na mgeni husimama kando akisoma. Nyumba ya Athi River hujibu kwa njia nyingine, maana Donovan aliishi humo, akalala, akapokea wageni na kuwaandalia chakula katikati ya mkusanyo wake, na vitu vikapangwa kama vyombo vya nyumba inayokaliwa: vitambaa vimetundikwa au kutandikwa, viti vimewekwa penye watu, na rangi na nakshi za kuta zimeazimwa kutoka mikono ya mafundi wa kusini na kaskazini ya Sahara. Mpangilio huu una hasara zake, kwa kuwa mtaalamu wa uhifadhi angependa mwanga hafifu na hewa isiyobadilika kwa ajili ya nyuzi na ngozi, wala si upepo wa uwanda wa Kapiti unaoingia dirishani. Lakini una faida ambayo kioo hakiwezi kuitoa, yaani humwonyesha mgeni kwamba vitu hivi vilitengenezwa viwe karibu na mwili wa mtu.

Mfano ulio wazi ni kigoda cha Waturkana, kinachoitwa ekicholong, kwa sababu ni miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyomvuta Donovan kaskazini mwa Kenya. Kigoda hiki huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, bila gundi wala msumari, na kimo chake ni kama shubiri moja. Juu kina ubao mwembamba uliobonyea kidogo katikati, chini kina mguu mmoja au miwili, na kando yake hufungwa ukanda wa ngozi wa kukibebea. Mchana mwanamume mfugaji hukikalia akiwa malishoni au barazani pa wazee, na usiku hukiweka chini ya shingo badala ya mto, ili nywele zake zilizosukwa na kukandikwa udongo wa rangi, ambazo zamani zilichomekwa manyoya ya mbuni kuonyesha hadhi, zisiguse mchanga na kuharibika. Mafuta ya kujipaka, jasho na miaka ya kushikwa huufanya mti uwe mweusi na laini pale tu mwili unapogusa, huku sehemu za chini zikibaki na alama za shoka, hivi kwamba aliyezoea kuvitazama vigoda hivi anaweza kukisia mwenye kigoda alikishika kwa upande gani. Kigoda ambacho hakijakaliwa, kilichochongwa kwa ajili ya duka la watalii, hakina mng'ao huo, na wauzaji wanaolijua jambo hili hukipaka rangi ya viatu.

Upande wa vitambaa, kitu kinachostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni kazi ya Wakuba wa Kasai, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kitambaa cha Wakuba hufumwa kwa nyuzi za mwale, mti wa jamii ya mchikichi ambao majani yake machanga hupasuliwa kuwa nyuzi ndefu, na kazi imegawanywa kijinsia: wanaume hufuma kitambaa chenyewe, kisha wanawake hukitarizi. Katika aina inayofanana na mahameli, mwanamke hupitisha uzi chini ya mshono mmoja au miwili ya kitambaa, akaukata kwa kisu kidogo pande zote mbili, akaacha ncha fupi zisimame bila fundo lolote, zikashikiliwa na kubanana kwa ufumaji peke yake. Kisha huanza tena, mara maelfu kwa maelfu, na kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi. Hakuna mchoro unaotangulia. Mtarizi huanza na umbo alilolikariri, msalaba uliopinda au pembe zinazoingiliana, na katikati ya kazi hulivunja, hulipanua, huligeuza upande, hata kitambaa kikiisha jicho halipati mahali pa kupumzika. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alivitundika vitambaa vya namna hii katika karakana yake, na wanahistoria wa sanaa wameandika sana juu ya alichojifunza kwavyo. Wanawake waliovitarizi hawakuulizwa wao walikuwa wakifikiri nini.

Donovan alizaliwa Colorado mwaka 1938 na alifika Naijeria mwaka 1967 akiwa mtumishi wa misaada wa serikali ya Marekani wakati wa vita vya Biafra. Aliiacha kazi hiyo, akanunua gari la Volkswagen mjini Paris, akavuka Sahara, na mwaka 1970 akawa ameshafika Kenya na kushika njia ya Turkana, ambako alikusanya vyombo vya wafugaji kwa ajili ya maonyesho jijini Nairobi. Maonyesho hayo ndiyo yaliyomkutanisha na Joseph Murumbi na mkewe Sheila, na mwaka 1972 watatu hao wakaanzisha African Heritage, nyumba ya sanaa ya Afrika nzima, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake barani. Haikuwa makumbusho kwa maana kamili, kwa kuwa iliuza vitu ili iishi. Ilikuwa duka, karakana ya mapambo, jukwaa la mitindo na mahali pa muziki kwa pamoja, na bendi iliyobeba jina lake ndiyo iliyomlea Ayub Ogada, mpigaji wa nyatiti, ambaye muziki wake ulikuja kusikika mbali sana na Ziwa Viktoria.

Bila Murumbi, nyumba ya Athi River haieleweki. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai, akasomeshwa India, akafanya kazi Somalia, na mwaka 1952, viongozi wa chama cha kupigania uhuru cha KAU walipokamatwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, akashika nafasi ya kaimu katibu mkuu kabla ya kwenda uhamishoni London, alikokaa hadi mwaka 1962. Huko, akijikimu kwa kazi katika ubalozi wa Moroko, alianza kununua vitabu vikuukuu na vitu vya Kiafrika. Kwa maneno mengine, mtoto wa Bonde la Ufa alilazimika kwenda kuitafuta Afrika katika maduka ya mji mkuu wa mkoloni, na kulipia alichokipata. Aliporudi akawa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1964 na Makamu wa Rais mwaka 1966, nafasi aliyoiacha katika mwaka huohuo. Rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyepigania uhuru, alikuwa ameuawa Februari 1965, na wengi walioandika juu ya Murumbi wanaona kwamba tangu hapo siasa ilianza kumtoka moyoni.

Wazo alilolileta katika ushirika wake na Donovan lilikuwa la kisiasa, hata kama lilivaa shanga na hariri. Katika nyumba ya sanaa waliyoianzisha, kente ya Waasante, kitambaa kinachofumwa kwa vipande vyembamba na kisha kuunganishwa, ilitundikwa jirani na shuka ya Wamaasai na mkufu wa Wasamburu, na hakuna aliyelazimika kupita mlango wa "kabila" fulani ili kukiona kitu fulani. Mpangilio wa namna hiyo ulikuwa mgeni Nairobi. Makumbusho ya mji huo yalianza mwaka 1910 kwa juhudi za chama cha wapenzi wa viumbe asili, yakafunguliwa mahali yalipo sasa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon, na kwa muda mrefu yaliwaweka watu karibu na ndege na vipepeo, kila jamii na kabati lake. Joy Adamson, ambaye mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza kuchora watu wa Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, alifanya kazi ya mamia ya picha ambazo leo ni hazina kwa anayetaka kujua ushanga gani ulivaliwa wapi na nani. Lakini katika nyingi kati ya picha hizo mtu husimama peke yake, bila nyumba, mifugo wala jirani nyuma yake, na mtazamaji hupata hisia kwamba anaonyeshwa kielelezo. Tangu ukarabati uliokamilika mwaka 2008, makumbusho hayo yamebadilika sana katika namna ya kuwaeleza Wakenya, na si haki kuyahukumu kwa makabati ya zamani, ila tofauti ya misingi bado inaonekana.

Ni kweli pia kwamba kuchanganya kuna upofu wake. Kitu cha Mali kikikaa bega kwa bega na cha Turkana, mgeni asiye na mwongozo anaweza kuondoka akiamini kwamba kuna Afrika moja yenye rangi ya udongo, ngoma na kinyago, ambayo watu wake wote hupenda maumbo yaleyale. Donovan alikuwa na jicho la mpambaji kuliko la mwanahistoria, na palipotokea ushindani kati ya uzuri wa chumba na maelezo marefu, mara nyingi uzuri ulishinda. Zaidi ya hayo, vitu vya ufundi wa jadi katika nyumba hii, kama katika makumbusho karibu yote duniani, hujulikana kwa jina la jamii na wala si la mtu aliyevitengeneza, wakati kazi za wasanii wa kisasa waliothaminiwa na Murumbi na Donovan, kama Bruce Onobrakpeya wa Naijeria, Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda, hubeba majina yao mbele. Mgawanyo huu haukuanzia Athi River, bali umerithiwa kutoka ethnografia, yaani taaluma ya kuchunguza na kueleza maisha ya jamii za watu, ambayo ilikua katika enzi za ukoloni na kuzoea kumwandika mwanakijiji kama sauti ya kabila lake.

Kwa mkazi wa Machakos, upungufu huu una uzito wa pekee, kwa kuwa nyumba imesimama katika kaunti ambayo majina ya mafundi wake yanajulikana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika na huko akaona Wazaramo wakichonga sanamu za mbao. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga na kuwafundisha wengine, na kutokana na mkono huo mmoja kukazaliwa kazi iliyowapa riziki Wakamba wengi, kutoka Wamunyu hadi chama cha ushirika cha Changamwe, Mombasa, kilichoundwa mwanzoni mwa uhuru. Swala, twiga na vifaru vya mbao vinavyouzwa kando ya barabara na katika viwanja vya ndege ni wajukuu wa safari hiyo. Wapenzi wa sanaa wamezoea kuvidharau kwa sababu vilichongwa kwa ajili ya kuuzwa, jambo la kushangaza kidogo likisemwa na watu wanaojua kwamba African Heritage yenyewe ilikuwa duka. Gharama kubwa zaidi iko msituni, maana mpingo na muhuhu, miti inayokua polepole ambayo wachongaji waliipenda kwa ugumu na rangi yake, imepungua sana, na wengi wamehamia kwenye mwarobaini na miembe.

Kabla ya swala wa mbao kulikuwa na ufundi mwingine wa Wakamba ambao makumbusho yanapaswa kuuonyesha kwa fahari zaidi. Wazee walikuwa na vigoda vya mviringo vya miguu mitatu, ambavyo vitako vyake vilipambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliokunjwa na kugongwa ndani ya mti hadi ukalingana na uso wa ubao, na wahunzi walisuka minyororo myembamba iliyosafiri kwa biashara mbali na Ukambani. Wanawake walisuka kiondo, na wangali wanasuka: nyuzi za mkonge, au zamani za magome ya mbuyu na vichaka vya porini, husokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha zinazosimama hupishanishwa katikati ya tako la kikapu, na nyuzi mbili hupitishwa kuzunguka, moja mbele na moja nyuma ya kila uzi uliosimama, zikipindana kila hatua, hadi tako lipanuke na mbavu zianze kupanda. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza, aliyaandika mengi ya haya katika kitabu kilichotoka mwaka 1920, na baadaye akawa mkurugenzi wa makumbusho ya ethnografia ya Stockholm. Kwa hiyo mwanafunzi wa Athi River anayetaka kuyasoma maelezo ya kale ya vyombo vya babu zake hujikuta na kitabu cha Mswidi.

Hali hiyo ya kutafuta vya nyumbani kwa wageni si ya Wakamba peke yao. Mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, makundi ya wasanii na makumbusho ya Ujerumani, ambao matokeo yake yalionyeshwa Nairobi mwaka 2021, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani, na ripoti iliyoandaliwa kwa serikali ya Ufaransa mwaka 2018 ilikadiria kwamba makumbusho ya Quai Branly mjini Paris peke yake yana vitu vipatavyo 70,000 kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine viliporwa, na viko vingine ambavyo hata kuvinunua ni kosa. Kigango ni mfano wake. Hiki ni nguzo ya mbao iliyochongwa ambayo Wamijikenda, hasa Wagiriama, husimika kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, na kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa. Watu wakihama hukiacha, mchwa wakikila huachwa wakile. Wanunuzi walipoanza kuvitamani, vigango vikaibwa usiku na kuuzwa, hadi vikafika katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kwa familia iliyovisimika, na mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vingine 30. Kitu kilichotengenezwa ili kioze mahali pake hakiwezi kuokolewa na makumbusho yoyote, hata yale yenye nia njema, na hapa nyumba ya sanaa ya jadi inafikia mpaka wa uwezo wake.

Nyumba ya Athi River nayo iliwahi kukaribia kuvunjwa. Reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, hupita kati ya nyumba na mbuga, na kwa miaka mingi treni ilikuwa sehemu ya mandhari yake. Ilipopangwa reli mpya ya SGR, yenye njia pana zaidi, kutoka Mombasa hadi Nairobi, nyumba ilijikuta katika ardhi iliyohitajika na ikakabiliwa na kubomolewa. Wapenzi wa sanaa, wasanifu majengo na waandishi wa habari walipiga kelele ndani na nje ya nchi, na mwaka 2016 nyumba ikatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kitaifa, hadhi ambayo chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hulizuia jengo kubomolewa au kugeuzwa bila idhini. Treni za abiria za Mombasa zilianza mwaka 2017, na mwaka 2019 njia ikasogezwa hadi Naivasha kwa daraja refu linalopita juu ya mbuga. Inafaa kukumbuka kwamba nyumba haikuwa na miaka 30 ilipopewa hadhi hiyo, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambayo majengo yenye miaka 100 hubomolewa ili kupisha maegesho ya magari.

Hata hivyo tangazo la gazeti rasmi huhusu kwanza kuta na ardhi. Mkufu, kigoda au kitambaa vinaweza kutoka mlangoni mchana kweupe, na kifo cha mwenye mkusanyo ndicho kipindi cha hatari zaidi, kama yaliyompata Murumbi yanavyoonyesha. Mwaka 1976 alikubali kuiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga na mkusanyo wake, pamoja na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, ingawa wanunuzi wa nje walikuwa tayari kulipa zaidi, kwa matumaini kwamba hapo pangeundwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Taasisi hiyo haikuundwa Muthaiga. Vitu vilihamishwa, na Murumbi aliyefariki mwaka 1990 akazikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto kama alivyotaka, katika bustani ambayo wanyakuzi wa ardhi walikuwa wakiimezea mate. Donovan alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho kuvikusanya tena vilivyotawanyika: bustani ya kumbukumbu ikawekwa sanamu karibu na kaburi, na vyumba vikatengwa kwa ajili ya mkusanyo wa Murumbi katika Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, mahali ambapo wakoloni waliandikisha vizazi, ndoa na vifo vyao.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda African Heritage House atafaidi zaidi akiifanya kuwa kituo kimoja katika safari ndefu kidogo. Sehemu kubwa ya vitabu na vinyago vya Murumbi imo katika Makavazi ya Kitaifa, kwenye jengo la mwaka 1906 lililokuwa benki katika barabara ya Moi jijini Nairobi, ambako ukumbi wa chini una jina lake; kutoka hapo hadi Nairobi Gallery ni mwendo wa miguu, na City Park iko upande wa Parklands. Athi River yenyewe huhitaji miadi, kwa kuwa kwa desturi nyumba hupokea wageni kwa mpango wa mapema, na bei zake ziliwekwa zaidi kwa mfuko wa mtalii kuliko wa mshonaji wa EPZ anayeishi Mlolongo, jambo ambalo serikali ya kaunti ya Machakos ingeweza kulirekebisha kwa kugharamia siku chache za wanafunzi kila muhula bila kuhisi uzito wowote katika bajeti yake. Mwenye gari na siku nzima anaweza kuendelea na safari, apite mji wa Machakos na Masii kwa barabara ya Kitui hadi Wamunyu, ambako wachongaji bado hufanya kazi chini ya vivuli vya miti na mabati, vumbi la mbao likiwa limewafika kiunoni, na ambako mnunuzi akitaka kujua nani aliyekichonga kifaru alichokishika, mara nyingi aliyekichonga ndiye anayemwuzia.